Karanga Zimeshaondoka na Fuso: Uchambuzi wa Kisa cha Mhadhiri Aliyetakiwa Kuleta Fedha za Utafiti

Kisa hiki kinamhusu mhadhiri wa sayansi ya chakula katika chuo kikuu kimoja cha umma cha Kanda ya Kati. Kwa zaidi ya miaka mitatu idara yake ilimtaka atafute fedha za utafiti kutoka nje. Akazitafuta, akazipata, na kwa sababu ya namna alivyozipata akashindwa kujibu swali ambalo ndilo lililomsukuma kuzitafuta. Nimeondoa jina la chuo, la kitivo, la mfadhili na la taasisi mshirika ya nje, na viwango vya fedha nimevikadiria ili mradi usitambulike. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na zao la karanga nimeviacha kama vilivyo, kwa kuwa bila kalenda ya karanga kisa hiki hakieleweki. Mhadhiri mwenyewe, ambaye nitamwita Dkt. N., ameisoma rasimu na kuiridhia. Mimi nilikuwa mratibu wa utafiti wa kitivo katika kipindi chote hicho, na mojawapo ya maamuzi yaliyoiharibu kazi yake lilitokana na ushauri wangu.

Usuli

Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa uliosababishwa na sumukuvu ya aina ya aflatoksini kwenye mahindi. Watu 68 waliripotiwa kuugua na 20 kati yao walifariki. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu wanaoshambulia mahindi na karanga zikiwa bado shambani, hasa mvua inapokatika mapema na mmea ukakosa maji wakati wa kukomaa, kisha huendelea kuongezeka pale mazao yanapohifadhiwa yakiwa na unyevu. Haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. Kiwango kinachoruhusiwa katika nchi za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo moja ya chakula kwa aflatoksini zote kwa jumla, na mikrogramu 5 kwa aina ya B1, ambayo ndiyo kali zaidi.

Dkt. N. alikuwa na swali dogo kuhusu sumu hiyo, na alilipata uani kwa mtu. Mwaka 2019, akiwa Kongwa kukagua kazi ya mwanafunzi, alimkuta mama mmoja ameketi kwenye mkeka, beseni la maji pembeni, akizinyunyizia karanga zenye maganda na kuzifunika kwa gunia. Alipomuuliza sababu, mama yule alimwonyesha kidole gumba kilichopasuka. "Zikilala na maji, Dokta, asubuhi ganda linalegea, unamenya bila kuumia," alisema. "Zikiwa kavu, gunia moja linakumaliza vidole." Mnunuzi hutaka karanga zilizomenywa, kazi ya kumenya ni ya wanawake na watoto, na maji ndiyo hupunguza maumivu. Ni maji hayo hayo yanayoirudishia karanga unyevu ulioondolewa kwa wiki nzima ya jua.

Kwamba kulowesha karanga huchochea kuvu ni jambo linalojulikana. Ambacho Dkt. N. alitaka kupima ni kiasi gani cha sumu huongezeka kwa usiku ule mmoja katika mazingira ya Kongwa, na kama kikundi cha akina mama kikipewa mashine ya mkono ya kubangua karanga kitaacha kweli kulowesha, au kitaendelea kwa sababu nyingine ambayo mtafiti hakuifikiria. Alikadiria kwamba kazi hiyo ingehitaji msimu mmoja, mashine nne, vitendanishi vya maabara, mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, na shilingi milioni 38 hivi.

Sasa upande wa chuo. Januari 2007, mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika huko Addis Ababa ulihimiza kila nchi itenge walau asilimia moja ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti na maendeleo, na iwe imefika hapo ifikapo mwaka 2010. Hapa kwetu ipo Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, na chini yake mfuko wa MTUSATE ambao hutoa ruzuku za ushindani kwa watafiti. Aliyewahi kuomba ruzuku hizo anajua jinsi zilivyo na faida, na anajua pia wanavyogombania wengi. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, uliotokana na mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umeelekezwa zaidi kwenye majengo, maabara, mitaala na kuwasomesha wahadhiri. Serikali hulipa mishahara. Fedha ya kumpeleka mhadhiri kijijini na kumrudisha na sampuli hutafutwa na mhadhiri mwenyewe.

Kutokana na hali hiyo, mpango mkakati wa chuo uliweka shabaha ya mapato ya utafiti, kitivo kikaigawa kwa idara, na idara ikaigawa kwa watu. Kuanzia Julai 2021 kila mwenye shahada ya uzamivu alitakiwa kuwasilisha maandiko mawili ya miradi kwa mwaka, na walau moja kati ya hayo liwe la zaidi ya shilingi milioni 100. Lengo hilo liliandikwa kwenye fomu ya tathmini ya utendaji, na PEPMIS, mfumo wa kidijitali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ulipoanza kutumika likahamia huko, likawa linapimwa kwa asilimia. Katika mwaka huo huo Dkt. N. alifundisha masomo matatu, moja likiwa na wanafunzi zaidi ya 400.

Mtiririko wa matukio

Andiko la kwanza lilikuwa lile la swali lenyewe, bila nyongeza. Halikufika kwa mfadhili yeyote. Kamati ya idara ililirudisha kwa maelezo kwamba lilikuwa dogo na halingehesabiwa kwenye shabaha. Kati ya Septemba 2021 na Juni 2022 Dkt. N. aliandika mengine matano, kila moja likifuata tangazo la mfadhili tofauti na muundo tofauti, na yote matano yakakataliwa. Matatu hayakupewa sababu yoyote. Moja lilisifiwa na wapitiaji wawili na kuangushwa na wa tatu, aliyeandika kwamba mabadiliko yanayotarajiwa ni ya vijiji vichache mno.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Tulikaa ofisini kwangu saa kumi na moja jioni, jedwali la bajeti likiwa kwenye kompyuta, na nikamwambia nilichoamini kwa dhati wakati ule: swali lake ni zuri lakini limevaa nguo fupi, na wafadhili wa sasa wanataka kuona tabianchi, vijana na teknolojia ya kidijitali. Nilipendekeza aongeze programu ya simu itakayowapa wakulima ushauri wa kukausha na kuhifadhi, sehemu ya mafunzo kwa vijana wauzaji wa pembejeo, na tathmini ya athari za ukame. Nilimtafutia pia mshirika wa nje ambaye angekuwa mwombaji mkuu. Alinisikiliza, akauliza, "Na kumenya kutakaa wapi?" Kumenya tukakuweka kwenye kipengele cha 2.3.

Andiko hilo, la saba, lilishinda mwishoni mwa mwaka 2022. Sehemu ya chuo chetu ilikuwa shilingi milioni 410 hivi kwa miaka miwili. Barua pepe ya pongezi ilitumwa kwa wafanyakazi wote, na kwa mara ya kwanza idara ilivuka shabaha yake. Sisemi hayo kwa kuyadharau. Watu walifurahi kwa haki, na Dkt. N. alilia kwa furaha mbele yangu.

Mkataba ulikuja na masharti ya kulipwa baada ya kutumia: chuo kitangulize fedha zake, kipeleke hesabu na vielelezo kila robo mwaka kwa mshirika mkuu, naye akiridhika arejeshe. Wanasheria wa pande mbili waliujadili mkataba huo hadi Machi 2023. Kibali cha maadili, barua ya Katibu Tawala wa Mkoa na barua ya halmashauri vilipatikana ndani ya muda unaofaa. Kwa hilo naishukuru ofisi ya mkoa na ya wilaya bila kusita. Kilichokwama ni fedha ya kutangulia. Bajeti ya mapato ya ndani ilikuwa imeshapitishwa bila kifungu cha kuukopesha mradi, na mshirika mkuu alishikilia mkataba. Baada ya miezi ya barua na vikao, malipo ya kwanza ya masurufu yalitoka mwezi Agosti.

Karanga za Kongwa hupandwa mvua zinapoanza, Desemba au Januari, huvunwa kati ya Aprili na Juni, na kufikia Julai sehemu kubwa imeshamenywa na kuuzwa. Timu ilifika kijijini Septemba. Mwenyekiti wa kijiji aliwapokea kwa heshima, akawapa viti chini ya mti, kisha akasema maneno ambayo yamebaki kuwa jina la kisa hiki kila tunapokizungumza: "Karibuni sana, Dokta. Ila mmechelewa mama yangu, karanga zimeshaondoka na Fuso."

Walichukua sampuli kutoka kwenye akiba za mbegu na kwa wafanyabiashara wa soko la Kibaigwa. Zilipimwa, na namba zikapatikana. Lakini mfanyabiashara wa Kibaigwa hawezi kukuambia ni gunia lipi lilinyunyiziwa maji na lipi lilimenywa kavu, kwa hiyo namba hizo hazikuwa na uwezo wa kujibu swali.

Kwa msimu wa 2024 tuliamini tumejipanga. Fedha ilikuwepo. Vitendanishi vilihitaji kununuliwa kupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma uliokuwa bado mgeni kwetu sote, na mzabuni aliyeshinda aliagiza kutoka nje. Vilifika wiki ya mwisho ya Juni. Wakati tukivisubiri, robo mwaka ilikuwa inaisha na mshirika mkuu alikuwa anaonya kwamba kasi ya matumizi iko chini, hivyo fedha ikaelekezwa kwenye kile kilichoweza kutumika haraka, yaani programu ya simu na semina zake. Programu ilitengenezwa vizuri na vijana wenye bidii. Katika kijiji kimoja kati ya viwili vya mradi, mtandao wa intaneti ulipatikana kwa kupanda kilima kilicho nyuma ya zahanati. Wanawake wengi tuliowalenga, wale wanaolowesha karanga, walikuwa na simu za vitochi, na baadhi walitumia za waume zao. Waliohudhuria semina walisaini mahudhurio, wakashukuru, wakarudi nyumbani kwenye mikeka yao na mabeseni yao.

Mradi ulifungwa Desemba 2024 kwa taarifa iliyokubaliwa. Kipengele cha 2.3 kiliandikwa kwamba "kimetekelezwa kwa sehemu".

Maamuzi na sababu zake

Kila uamuzi katika kisa hiki ulikuwa na mantiki yake. Nisipolisema hilo, msomaji atamtafuta wa kulaumiwa na kufunga ukurasa.

Idara iligawa shabaha kwa watu kwa sababu mfumo wa tathmini unahitaji kitu kinachohesabika, na mkuu wa idara, ambaye naye ni mhadhiri mwenye mzigo wake, angepimwa kwa jumla. Kamati ilikataa andiko la milioni 38 kwa sababu gharama ya kulisimamia, kwa maana ya mikataba, akaunti na ukaguzi, haitofautiani sana na ya andiko kubwa. Hoja hiyo ina ukweli. Ilichokosa ni kuuliza andiko dogo linaweza kupelekwa wapi ambako halitahitaji usimamizi wote huo, ilhali mfuko wa ndani wa utafiti wa chuo ulikuwepo na mwaka ule haukumalizika.

Ushauri wangu wa kulipanua swali ulitokana na kusoma matangazo ya wafadhili mengi mno na kutokwenda Kongwa hata mara moja. Nilijua lugha ya wafadhili, na nikadhani kuijua lugha hiyo ni kuijua kazi. Kama ningelikaa uani na yule mama, nisingependekeza programu ya simu janja. Hilo nalisema kwa uzito, kwa sababu vyuo vyetu sasa vinaajiri na kufundisha waratibu wa kuandika maandiko, na wengi wao watakuwa kama nilivyokuwa.

Uamuzi wa kusaini mkataba wa kulipwa baada ya kutumia ulifanyika kwa haraka kwa kuwa mshirika alitoa siku kumi, na tuliogopa kupoteza nafasi. Hakuna aliyeichukua kalenda ya karanga na kuiweka kando ya kalenda ya malipo. Dkt. N. aliutaja msimu katika barua pepe moja; nimeirudia kuisoma, na kweli upo, aya ya tatu, sentensi moja. Hatukumjibu kuhusu sentensi hiyo.

Uamuzi wa kwenda kijijini Septemba 2023, ingawa alijua karanga zimeondoka, ndio uliomuumiza zaidi yeye mwenyewe. Angeweza kuomba robo ile ihesabiwe haina shughuli. Lakini robo isiyo na matumizi ingezuia malipo ya robo inayofuata, na kwenye malipo hayo kulikuwa na posho ya mwanafunzi wa uzamili ambaye tasnifu yake ilitegemea mradi. Alikwenda kwa ajili ya mwanafunzi.

Matokeo

Chuo kilipata kiasi cha fedha, vifaa vya maabara ambavyo vinaendelea kutumika, na jina. Programu ya simu ilibaki bila mtu wa kuihudumia mkataba ulipokwisha. Mwanafunzi yule alibadilisha mada, akaongeza mwaka mzima, na ada ya mwaka huo ililipwa na kaka yake anayeuza mitumba.

Dkt. N. aliomba kupandishwa cheo kuwa Mhadhiri Mwandamizi mwanzoni mwa mwaka 2025, na hakufanikiwa. Machapisho yake ya miaka mitatu hayakutosha. Kwenye tathmini ya mwaka kipengele cha fedha alikuwa amepata alama za juu kuliko mtu yeyote idarani, lakini kanuni za kupanda cheo huhesabu machapisho na si ruzuku. Vipimo viwili vya mwajiri mmoja vilimvuta huku na huku, na kila kimoja kilidai saa zile zile.

Mfadhili alikaribisha maombi ya awamu ya pili. Dkt. N. alikataa kuomba, kwa barua ya ukurasa mmoja iliyoeleza sababu. Mkuu wa idara alikasirika kwa wiki mbili, kisha akaomba nakala ya barua ile na daftari nitakalolieleza hapa chini.

Uchambuzi

Kitu kimoja kilichofanyika vizuri tangu mwanzo kilikuwa nje ya mpango wowote. Dkt. N. alikuwa na kaunta buku lenye jalada la bluu, na ndani yake aliandika kila siku saa alizotumia na alichokifanya. Alianza kwa sababu mume wake alimuuliza Jumamosi zake huwa zinaenda wapi, naye akashindwa kujibu. Ukurasa wa tarehe moja ya Mei 2022 unasomeka hivi: "Bajeti, toleo la nne. Saa 5. Barua ya uthibitisho wa kitivo, kusubiri saini. Saa 2. Kusahihisha majaribio, karatasi 60. Saa 3." Mtoto alikuwa amechora ua pembeni.

Tulipolijumlisha daftari lote, maandiko saba yalikuwa yamekula saa 1,100 hivi. Kwa wiki ya kazi ya saa 40, hizo ni zaidi ya wiki 27, yaani zaidi ya nusu mwaka wa mtu mmoja mwenye shahada ya uzamivu. Usimamizi wa mradi ulioshinda, kwa maana ya taarifa za robo mwaka, vielelezo vya matumizi, vikao vya mtandaoni na kurejesha masurufu, ulichukua saa nyingine 640 kwa miaka miwili. Siku za kuwa kijijini zilikuwa 19. Kabla ya kuziona namba hizo, kitivo kilikuwa kinaamini kwamba kuandika andiko ni kazi isiyo na gharama, kwa kuwa hakuna fedha inayotoka kwenye akaunti.

Gharama hiyo hulipwa na mtu, na hapa lazima niseme jambo kuhusu fedha za uendeshaji. Mpango wa Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya huongeza asilimia 25 juu ya sehemu kubwa ya gharama za moja kwa moja ili taasisi igharimie ofisi, umeme, wahasibu na mengineyo. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, kwa miaka mingi zimezipa taasisi zilizo nje ya nchi hiyo asilimia 8. Katika mkataba wetu sehemu ya uendeshaji ilikuwa asilimia 7, na hakukuwa na mhasibu wa mradi wala afisa wa ununuzi. Kazi zao zilifanywa na Dkt. N. usiku. Chuo kinachokubali kiwango kidogo cha uendeshaji kinapaswa kujua kwamba tofauti yake inalipwa na familia za wahadhiri wake.

Lililoshindikana kwa uzito zaidi ni uhusiano kati ya ukubwa wa fedha na swali. Shabaha ya milioni 100 haikumtaka mtu yeyote abadilishe swali lake, wala sidhani walioiweka walikusudia hivyo. Lakini swali linalogharimu milioni 38 lilipoambiwa halihesabiki, lilibaki na njia mbili, kuachwa au kuvimbishwa, nasi tukalivimbisha mpaka likapotea ndani ya mwili wake. Kongwa, kwa bahati mbaya, ina kumbukumbu ya jambo la namna hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapo mradi mkubwa wa karanga, wenye matrekta na ramani zilizochorwa kabla ya kuijua vizuri ardhi inayokauka na kuwa ngumu kama saruji na mvua isiyotabirika. Mwaka 1951 ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mradi wetu ulikuwa mdogo mno kulinganishwa na ule, na hakuna aliyedhulumiwa ardhi. Ninautaja kwa sababu katika andiko letu la kurasa 42 ulikuwamo, kama historia ya eneo, katika aya niliyoiandika mimi.

Kuhusu mfumo wa kulipwa baada ya kutumia, msimamo wangu ni kwamba chuo cha umma kisichokuwa na mfuko wa kutangulizia miradi kisisaini mkataba wa namna hiyo kwa utafiti wa msimu, hata kama kiasi kinavutia. Taratibu za malipo na za ununuzi wa umma zina sababu zake njema na si za kurukwa. Kinachotakiwa ni kuanza mapema. Vitendanishi vya kutumika Mei vilipaswa kuwa kwenye mpango wa ununuzi tangu Julai ya mwaka uliotangulia. Tuliviweka Februari.

Ushirikiano na kijiji ulishikilia pale mengine yalipolegea. Dkt. N. alirudi kwa mwenyekiti na kwa mtendaji wa kijiji kuwaeleza ana kwa ana kwa nini kazi haikukamilika, na alikwenda kwa basi, kwa nauli yake, kwa kuwa mradi ulikuwa umefungwa. Watafiti wengi huishia kwenye taarifa ya mwisho na hawarudi. Kwa sababu alirudi, alipokuja tena mlango ulikuwa wazi.

Kuna na mazingira mapya ambayo hayakuwepo tulipoanza. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai 1 mwaka huo shirika lake la maendeleo, USAID, likawa limekoma kufanya kazi. Wahadhiri waliokuwa wakitegemea fedha za huko sasa wanagombania matangazo yale yale yaliyobaki. Shabaha ya idara yetu kwa mwaka 2025/2026 iliandikwa kwa tarakimu ile ile ya mwaka 2021. Nimepinga hilo kwenye kikao na kumbukumbu zimeandikwa.

Mabadiliko yaliyokwishafanyika ni machache. Fomu ya ndani ya kupitia maandiko sasa ina safu mbili mpya: moja inauliza kazi ya shambani lazima ianze wiki gani na fedha inatarajiwa kufika wiki gani, nyingine inauliza saa zitakazotumika kuandika. Kamati imeanza kupokea maandiko madogo na kuyaelekeza kwenye mfuko wa ndani. La Dkt. N. lilikuwa la kwanza: alilipunguza likawa la mashine mbili na kijiji kimoja, akapewa shilingi milioni 12 mwezi Februari 2025.

Mwaka huo alifika Kongwa wiki ya pili ya Mei. Mama wa kidole gumba alikuwa ameweka mikeka miwili uani, mmoja wa karanga zilizonyunyiziwa maji na mwingine wa zile kavu zilizosubiri mashine, na alikuwa amekwisha kuwaambia wajukuu wasizichanganye. Sampuli ziliwekwa kwenye mifuko ya khaki iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, "usiku mmoja" na "kavu". Ziko maabara na zinapimwa. Yule mwanafunzi aliyepoteza mwaka aliomba kuwa msaidizi wa kazi hiyo bila malipo, Dkt. N. alikataa sharti la bila malipo, akampangia posho ndani ya zile milioni 12.